Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Njombe: gari la EFI linavyoihesabu hewa

Pale Ruaha Mbuyuni, wanapouza vitunguu kando ya barabara, gari langu halikuwa na neno. Kiyoyozi kinapuliza, gia ya mwisho, mguu unaigusa tu pedali. Muda mfupi baadaye, katikati ya kona za mlima wa Kitonga, njia ya kupandia Iringa, nilikuwa gia ya pili, pedali imefika chini, na lori la saruji mbele yangu linapanda kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu. Nilipofika Iringa nikatafuta gereji. Fundi alifungua boneti, akasikiliza mngurumo, akasema nozo, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, zimekufa, zote nne. Nikalipa. Nozo nyingine zikafungwa, nikaendelea hadi Njombe, na gari likawa zito vilevile.

Zile nozo za zamani nilizitia mfukoni, na niliporudi Dar es Salaam nikazipeleka kupimwa kwenye mashine. Zilikuwa nzima, zote nne. Fedha zangu zilikwenda kutibu ugonjwa ambao haukuwapo. Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa dhati, kwanza kwa kuwauliza mafundi umeme wa magari wanaoijua kazi yao, kisha kwa kununua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzisoma namba mwenyewe kila safari. Ninayoandika hapa ndiyo ambayo ningependa mtu angenieleza siku ile Iringa: kwamba gari langu lilikuwa likifanya kazi yake sawasawa. Lilikuwa limepunguziwa hewa, na lilikuwa linajua, kwa hesabu ya kushangaza, limepunguziwa kiasi gani.

Hewa ya juu imepungua nini

Husemwa kwamba milimani oksijeni ni chache. Ni kweli, lakini lazima tuelewane ni chache kwa namna gani. Chota hewa ya ufukwe wa Kigamboni, chota na ya Njombe mjini, zipime: zote mbili ni oksijeni kwa asilimia 21 hivi. Mgawanyo ni uleule. Kilichobadilika ni msongamano. Hewa ina uzito, na ile ya chini imelaliwa na yote iliyo juu yake, kama gunia la chini kabisa kwenye shehena ya mahindi. Ukipanda, magunia yaliyo juu yako yanapungua, na hewa inayokuzunguka inajiachia, inatawanyika.

Darasani nguvu hiyo ya kulaliwa tuliiita kanieneo. Gerejini ni presha, nami nitalitumia hilo. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Iringa, kwenye mita kama 1,600, inakaribia 84. Njombe, karibu mita 2,000, ni 80 hivi. Kwa wasomaji wa Kenya, Nairobi hucheza karibu na 82, na Timboroa, ambako barabara na reli ya kwenda Eldoret hupita juu ya mita 2,700, ni kama 74. Dereva wa Mombasa anayepeleka mzigo Eldoret anapoteza robo nzima ya hewa njiani bila kuona chochote kupitia kioo.

Sasa tuingize hewa hiyo ndani ya injini. Chukua injini ya sisi 1,500 (cc, yaani sentimita za ujazo) yenye silinda nne. Kila silinda ina nafasi ya sisi 375. Dar es Salaam, siku ya joto la nyuzi 30, nafasi hiyo ikijaa kikamilifu inabeba hewa ya gramu 0.44 hivi. Petroli huungua vizuri gramu moja kwa kila gramu 14.7 za hewa, kwa hiyo mvuto huo mmoja unahitaji petroli miligramu 30. Njombe, asubuhi ya nyuzi 15, nafasi ileile inabeba hewa gramu 0.36. Petroli inayotakiwa ni miligramu 25.

Miligramu tano. Kazi yote ya mfumo wa EFI (upuliziaji wa petroli unaoongozwa na kompyuta) milimani ni kuzijua hizo miligramu tano na kuzizuia zisimwagwe, kwa kila silinda, maelfu ya mara kwa dakika. (Baridi ya Njombe imetusaidia kidogo hapo, kwa sababu hewa baridi husongamana. Kwa joto la Dar, pengo lingekuwa kubwa zaidi.)

Kabureta ilipokosea

Ili kuona thamani ya hesabu hiyo, mkumbuke mzee wa kazi, kabureta. Kabureta haipimi kitu. Ina koo jembamba; hewa ikipita pale kwa kasi, inazua mvuto, na mvuto unaifyonza petroli kupitia tundu dogo la jeti. Hewa nyingi, mvuto mkubwa, petroli nyingi. Ni kifaa cha akili sana kwa zama zake.

Udhaifu wake ni kwamba hewa ikiwa nyepesi, petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiwango kilekile inachopungua hewa. Inafuata kipeuo cha pili cha msongamano. Kwa hesabu yetu ya Njombe, hewa imepungua kwa asilimia 17, lakini petroli inayofyonzwa imepungua kwa asilimia 9 tu. Matokeo yake mafuta yanazidi yale yanayohitajiwa na hewa hiyo kwa takriban asilimia 10. Plagi zinakuwa nyeusi kama mkaa, sailensa inanuka petroli, injini inakohoa ikiwa tupu (inanguruma bila kukanyagwa), na tangi linakauka kabla ya wakati. Mafundi wa nyanda za juu walikuwa wanabadilisha jeti, wanaweka ya tundu dogo. Dawa hiyo ilifaa mpaka siku gari liliposhuka pwani. Huko hewa ilijaa, petroli ikawa haitoshi, injini ikachemka na kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda.

Ndege ndogo za pistoni zinaishi na tatizo hili mpaka leo. Nenda uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio juu ya mita 1,600. Ndani ya Cessna nyingi utaona kitufe chekundu cha kuvuta. Rubani anakitumia kupunguza mafuta kwa mkono kadiri ndege inavyopanda, na kwenye uwanja wa juu kama ule ndege isiyo na turbo huenda ikapunguziwa mafuta kabla hata haijaruka. Kazi ya kile kitufe ndiyo inayofanywa na kontrol boksi, kompyuta ya injini ya gari lako, bila kukuuliza.

Familia mbili za kupima

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa umeme wa kupulizia petroli ulioitwa D-Jetronic, ukafungwa kwenye magari ya Volkswagen yaliyokwenda Marekani. Herufi D ni ya neno la Kijerumani Druck, yaani presha. Miaka michache baadaye ikaja L-Jetronic, L ya Luft, yaani hewa. Herufi hizo mbili zimedumu. Vitabu vya mafunzo vya Toyota navyo viligawa EFI katika aina ya D na aina ya L, na mpaka leo gari la petroli linalopita mbele yako liko upande mmoja au mwingine, au linachanganya zote mbili. Tofauti yao ndiyo inayoamua gari litafanyaje mlimani.

Familia ya D haipimi hewa yenyewe. Inapima presha iliyomo ndani ya manifoldi, yaani njia ya hewa iliyo kati ya kilango cha hewa (throtoli, kwa lugha ya gereji) na silinda. Ndani ya sensa mna kiwambo chembamba. Upande mmoja kuna hewa ya manifoldi, upande wa pili ni ombwe lililofungwa kiwandani. Hilo ombwe ni muhimu. Kwa kuwa sensa inalinganisha na utupu usiobadilika popote ulipo, inatoa presha halisi, iwe Kigamboni au Timboroa. Kontrol boksi inachukua namba hiyo, inaongeza joto la hewa na mizunguko ya injini, inatazama jedwali lililopangwa kiwandani kuonyesha silinda hujaa vipi kwa kila hali, na inapata uzito wa hewa. Kutoka hapo kupata muda wa kufungua nozo ni kugawanya tu. Muda wenyewe ni mfupi, milisekunde mbili tatu injini ikiwa tupu.

Hapa lipo jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa gerejini, nami naliona tamu kuliko yote. Tuseme manifoldi ina kilopaskali 50, Dar na Njombe sawasawa, joto lilelile, mizunguko ileile. Je, silinda imepata hewa sawa? Hapana. Njombe imepata zaidi kidogo. Kwa nini? Kwa sababu moshi unatoka kirahisi zaidi. Dar moshi unatoka ukisukumana na kilopaskali 101 za nje. Njombe unasukumana na 80. Kwa hiyo moshi mchache zaidi unabaki ndani ya silinda baada ya pistoni kupanda, na nafasi ulioiacha inachukuliwa na hewa mpya. Gari la familia ya D lisipojua presha ya nje, litakosea hapo.

Basi linaijuaje? Baadhi yana sensa ya pili ya presha ya nje, mara nyingi ndani ya kontrol boksi kwenyewe. Mengine yana ujanja wa bure. Ukizungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, kabla hujapiga stata, injini haivuti kitu, kwa hiyo presha ya ndani ya manifoldi ni sawa na ya nje. Katika kisekunde hicho kontrol boksi inasoma na kuandika: leo tuko 84. Baadaye, ukikanyaga pedali mpaka chini, kilango kimefunguka chote na manifoldi inakaribia tena presha ya nje, inasahihisha kumbukumbu yake. Ndiyo maana kupanda mlima hakulisumbui gari la namna hii: mlima wenyewe unakulazimisha ukanyage hadi chini, na kila ukikanyaga linajisomea upya.

Familia ya L inakwenda moja kwa moja kwenye hewa. Zile za mwanzo zilikuwa na kibao kilichosukumwa na upepo unaoingia, na kibao hicho kilikuwa na kasoro ya kabureta, maana upepo mwepesi husukuma bila kufuata uzito wake. Baadhi ya watengenezaji walilazimika kukiongezea sensa ya mwinuko. Kilichomaliza tatizo ni uzi wa moto.

Uzi huo ni mwembamba sana, wa platini, umekaa kwenye bomba la hewa baada ya eya klina. Umeme unaupasha hadi joto lililozidi la hewa kwa kiwango maalumu, na unalazimika kuushikilia hapo. Hewa inayopita inaupoza. Kinachoupoza ni molekuli zenyewe zinazougusa na kuondoka na joto, kwa hiyo zikiwa chache, uzi unapoa kidogo na umeme unaohitajika unapungua. Kipimo cha umeme huo ni kipimo cha uzito wa hewa. Mwinuko umeshahesabiwa, joto limeshahesabiwa, hakuna haja ya kujua uko wapi. Magari mengi yaliyojaa barabarani kwetu, zile IST, Probox na Premio za injini ya 1NZ, ni ya uzi wa moto. Gari la namna hii halijui mlima. Linajua hewa tu.

Uzi una adui mmoja mkubwa, vumbi. Eya klina ikiwa mbovu, au ya bei ya chini isiyoziba vizuri pembeni, vumbi jembamba linaufunika uzi kama blanketi. Hewa inashindwa kuupoza, na kontrol boksi inadhani hewa imeingia kidogo kuliko ilivyo. Petroli inapunguzwa, gari linakosa nguvu, na dereva anaulaumu mlima. Kuna sprei maalumu ya kusafishia sensa hiyo. Usiiguse kwa kidole wala brashi.

Anayeonja moshi

Vipimo vyote hivyo ni makadirio kabla ya tendo. Kwenye bomba la moshi yuko anayeonja baada ya tendo: sensa ya oksijeni, ambayo Volvo ilianza kuifunga kwenye magari ya California katikati ya miaka ya 1970. Ikiona oksijeni imebaki kwenye moshi, inasema petroli haikutosha. Isipoona, inasema imezidi. Kontrol boksi inaongeza na kupunguza mara kadhaa kwa sekunde mpaka uwiano ukae palepale 14.7.

Marekebisho hayo yana kumbukumbu mbili. Moja ni ya papo kwa papo. Nyingine inajifunza taratibu, kwa siku, na kuhifadhi tabia ya gari: hili huhitaji petroli asilimia tatu zaidi, lile pungufu asilimia nne. Kwenye kifaa cha kusomea zinaonekana kwa asilimia. Namba ikiwa chini ya 10 kwa upande wowote, sipotezi usingizi. Ikikaribia 25 upande wa kuongeza, magari mengi yatawasha taa ya injini na kuandika msimbo P0171, yaani petroli ni pungufu.

Ninaposhauriana na watu juu ya gari linalokufa nguvu milimani, namba hizo ndizo ninazoomba kwanza, na naomba zisomwe mara mbili, pwani na juu. Zikiwa karibu sawa sehemu zote mbili, mfumo unafuata mwinuko vizuri na tatizo, kama lipo, si la kupima hewa. Zikiwa mbaya pote, kasoro ilikuwapo tangu Dar. Zikiwa nzuri pwani na kuharibika kadiri gari linavyopanda, hapo ndipo ninapoanza kuishuku sensa ya presha. Fundi anayebadilisha nozo kabla ya kuziangalia anapiga ramli.

Lakini sensa ya oksijeni haiwi kazini muda wote. Injini ikiwa bado baridi haisikilizwi. Na ukikanyaga pedali mpaka chini, kontrol boksi inaacha kutafuta 14.7, inaongeza petroli kidogo ili kulinda injini na kuipa nguvu, na inategemea vipimo vya hewa pamoja na yale iliyojifunza zamani. Kupanda Kitonga ni kukanyaga mpaka chini kwa muda mrefu. Kwa hiyo kosa la sensa ya hewa ambalo pwani lilikuwa linafunikwa na mwonjaji, Kitonga linajitokeza wazi.

Mafuta yakishawekwa sawa, cheche nayo inasogezwa. Hewa nyepesi huungua polepole, hivyo kontrol boksi inaiwasha mapema kidogo. Na kwa kuwa mgandamizo ni mdogo, hatari ya injini kugonga imepungua. Ndiyo sababu huko Colorado, Marekani, ambako Denver iko mita 1,600 hivi, vituo vingi vimekuwa vikiuza petroli ya okteni 85 (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga), chini ya ile ya maeneo ya pwani. Na injini ikiwa tupu, kilango cha hewa kinafunguliwa zaidi ili isizimike.

Ambacho EFI haiwezi kukurudishia

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa kuelewana na mafundi. Mfumo wa EFI unalinda uwiano, haulindi nguvu. Hewa iliyokosekana imekosekana. Kanuni ya mkono wanayoitumia wahandisi ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari la nguvu farasi 109 pale Ubungo litakuwa na chini kidogo ya 90 pale Njombe, na hakuna nozo, plagi wala dawa ya kumimina tangini itakayozirudisha.

Juu ya hilo, tenganisha mizigo miwili inayokuja pamoja. Mwinuko unapunguza nguvu iliyopo. Kilima kinaongeza nguvu inayotakiwa. Kitonga inakupa yote mawili kwa wakati mmoja, na wengi wanayahesabu kama jambo moja. Namna ya kuyatenganisha ni rahisi: subiri ufike kwenye sehemu tambarare ya barabara huko juu. Gari likikimbia vizuri pale, likiwa limetulia na halikohoi, lilichokuwa linapambana nacho ni kilima. Pampu dhaifu ya petroli, kwa mfano, haitajwi na mwinuko, maana juu injini ikikanyagwa hadi mwisho inakunywa pungufu kuliko pwani. Inaumbuliwa na kukanyaga kwa muda mrefu, na ingeumbuka hata kwenye kilima cha Pwani.

Kwa mwendo wa kawaida, wengi hushangaa kuona gari halikunywi zaidi juu, na pengine linakunywa pungufu kidogo. Ili kupata nguvu ileile ya kwenda kilomita 80 kwa saa, kilango cha hewa kinafunguka zaidi, na injini inatumia jasho dogo kuvuta hewa kupitia upenyo. Upepo unaolipinga gari nao ni mwepesi zaidi.

Turbo ni habari nyingine. Inasindika hewa kabla haijaingia, kwa hiyo inaweza kufidia. Kontrol boksi ikitaka kilopaskali 200 ndani ya manifoldi, Dar turbo inazidisha presha ya nje mara mbili, Njombe mara mbili na nusu. Inafika huko kwa kuzunguka kasi zaidi, na kasi hiyo ina mwisho wake kabla ya kuvunjika. Magari mengi kwa hiyo yamepangwa kupunguza lengo lenyewe yakifika juu sana.

Dizeli na moshi mweusi wa Kitonga

Dizeli kwa desturi haina kilango cha kupunguza hewa. Inavuta hewa yote inayoweza kila mara, na nguvu inapimwa kwa kiasi cha mafuta peke yake. Pampu ya zamani ya chuma inapokea amri kutoka mguuni: umekanyaga nusu, inatoa nusu. Haijui hewa iliyoingia ni kiasi gani. Pwani hewa ni tele, mafuta yote yanaungua. Juu hewa imepungua, mguu haujapungua, na mafuta yaliyokosa mwenza yanatoka kama masizi. Ule moshi mweusi wa malori ya zamani kwenye kona za Kitonga ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha na kutupwa hewani, na wanaoivuta ni watu wanaouza mahindi ya kuchoma kandokando.

Watengenezaji walikuwa na dawa. Pampu za baadhi ya Land Cruiser za injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, zilifungwa kifaa kinachoitwa HAC: kapsuli ya chuma iliyofungwa, ambayo huvimba presha ya nje inapopungua, na kwa kuvimba kwake inasukuma kizuizi kinachopunguza mafuta. Hakuna waya wala kompyuta. Tatizo ni kwamba dereva akiona gari halivuti, fundi anaambiwa aongeze mafuta kwenye pampu, na ile hekima ya kapsuli inafutwa kwa spana.

Mfumo wa komoni reli, ambamo dizeli inapuliziwa kwa amri ya kompyuta, ulikuja kwenye malori ya Hino mwaka 1995 kwa kazi ya Denso, na kwenye magari madogo mwaka 1997 kupitia Alfa Romeo 156 na Bosch. Humo mguu wako unatoa ombi tu. Kontrol boksi inapima hewa iliyoingia, inapima presha ya nje, inatazama mpaka wa moshi uliopangwa, na haimwagi mafuta kuupita mpaka huo hata ukanyage kwa miguu miwili. Asubuhi ya baridi kule Makete inatumia kipimo hichohicho cha presha kuamua hita za silinda ziwake kwa muda gani, kwa kuwa hewa nyepesi ikibanwa haipati joto la kutosha upesi. Wanaouza huduma ya kuondoa mpaka huo kwa kompyuta wanakuuzia nguvu ya siku chache na turbo ya kufa mapema.

Kuteremka

Tunazungumza sana juu ya kupanda. Kuteremka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi.

Ukiachia pedali ukiwa kwenye gia, kilango kimefungwa na magurudumu yanaizungusha injini, kontrol boksi inafunga nozo kabisa. Hakuna petroli hata tone mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya injini tupu. Anayeteremka kwa nyutro akidhani anaokoa mafuta, injini yake inaendelea kuunguza ili isizimike. Anatumia mafuta zaidi kuliko aliyebaki kwenye gia ya tatu, na amelitupa breki la injini.

Breki nazo zinaguswa na mwinuko. Kile kibuyu kinachoisaidia pedali ya breki kwenye gari la petroli kinafanya kazi kwa tofauti kati ya presha ya nje na presha ya ndani ya manifoldi. Pwani tofauti hiyo, injini ikiwa tupu, ni kilopaskali 65 au 70. Njombe ni kama 45 au 50, kwa sababu presha ya nje imepungua na ya ndani ya manifoldi ni karibu ileile. Pedali inadai mguu wenye nguvu zaidi, hasa ukiikanyaga mara kwa mara mfululizo. Ukibaki kwenye gia huku kilango kimefungwa, mvuto wa manifoldi ni mkubwa na kibuyu kinajaa upya.

Kuna kijambo kimoja cha mwisho kwa magari ya familia ya D yasiyo na sensa ya pili. Yakipanda yanajisomea kila ukikanyaga hadi chini. Yakishuka, nani anakanyaga hadi chini? Kumbukumbu inabaki ya juu. Gari linafika bondeni likidhani bado liko Iringa, linakadiria kwamba moshi unatoka kirahisi kuliko ilivyo kweli, linaongeza mafuta kidogo. Mwonjaji wa moshi anasahihisha, kwa hiyo mara nyingi hutahisi kitu, labda mngurumo usiotulia ukisimama.

Safari iliyopita nilipoteremka Kitonga nilisimama palepale Ruaha Mbuyuni, nikazima gari, nikanunua ndoo ya vitunguu. Kisha nikazungusha ufunguo bila kupiga stata na kuangalia kifaa. Asubuhi Iringa kilikuwa kimesoma 84. Sasa kilisoma 95.